Mkono wa Nane wa Filister

Nilimuua mke wangu kwa sentensi moja, na leo nitawaeleza jinsi habari zilivyomfikia.

Kama gazeti hili limekufikia leo kwa mara ya kwanza, labda likiwa limefunga nyama, yaliyopita ni haya. Jina langu ni Nicanor. Nilipiga pasi mashuka ya hoteli moja ya mjini miaka thelathini na moja, nikastaafu, sasa tunaishi Kisumu Ndogo, Kibera, mimi na mke wangu Filister. Filister hufuma vitambaa vya makochi, vile vya duara vya kuwekelea mgongoni pa kiti.

Kitambaa kimoja nilikikuta chini ya kitanda. Katikati kimevimba kama kichwa, pembeni kimemwaga mikono minane, kila mmoja na rangi yake. Pweza mzima, wa uzi.

Nilimtia kwenye mfuko wa unga bila kumwambia mtu, nikampeleka Gatina kule Kawangware, kwa msichana anayeitwa Wamucii. Babake ana ghorofa, na orofa ya tatu haijapata wapangaji, kwa hivyo Wamucii ameigeuza ukumbi wa sanaa. Onyesho lake zima ni la pweza. Wa chuma, wa rangi, wa nywele, mpaka wa video.

Nilibeba pia pweza wangu mimi, niliyemtengeneza kwa mipira ya maji. Wamucii alimtazama wangu vile mtu hutazama tangazo la mganga kwenye nguzo ya stima. Kisha akamtazama wa Filister, akaketi sakafuni.

"Nani amefanya hii?" akauliza. "Mzee, huyu mtu lazima nikutane naye."

Shida ni kwamba nilikuwa nimeshamwambia mimi ni baharia mstaafu. Nilimwambia pweza mmoja aliwahi kunisalimu kwa mikono yote minane, na kuitikia kulinichukua dakika kumi. Filister angekuja, angesema huyu ni mpiga pasi. Na zaidi ya hapo, niseme ukweli kwa kuwa nimeahidi kuungama: hakuna mtu amewahi kuketi sakafuni kwa sababu yangu.

Nikasema, "Ni marehemu mke wangu."

Uongo wa namna hiyo haukubali kukaa peke yake. Unataka kaburi. Wamucii nilimwambia tulimzika Likoni, asikie mawimbi. Babake nikamwambia ni nyumbani Ugenya. Shivachi, yule fundi wa kuchomelea aliyeunda pweza wa mabomba ya ekzosi, nilimpa makaburi matatu kwa siku tatu, kwa sababu Shivachi husikiliza vizuri na hakatizi.

Na msisahau Marvin, kitindamimba wetu. Yeye peke yake ndiye alirithi vidole vya mamake. Alifuma kwa mkono wa kushoto. Nilimcheka mbele ya marafiki zangu, nikamwambia atafutiwe mume. Akaondoka akiwa na miaka ishirini na miwili. Ni miaka sita sasa. Tangu aende, nyumba yetu ya zamani ya Soweto West, hapa hapa Kibera, ilibomolewa na simu ya Filister ikaibwa. Hata kijana akitaka kutupata, angeanzia wapi?

Hayo ndiyo ya nyuma. Sasa ya Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Filister alikuwa ndani akichagua mchele, mimi mlangoni nikinyoa ndevu kwa kipande cha kioo. Nikamwona Aluoch, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, jirani yetu ambaye wiki mbili alikuwa Kisumu kununua mali. Amejifunga leso nyeusi. Mkononi ana paketi mbili za sukari na moja ya majani chai.

"Nicanor," akasema, sauti tayari imekatika. "Hata kutuambia? Sisi majirani?"

"Kuwaambia nini?"

"Nimepeleka omena Kawangware jana, ndio napata kujua. Kwa ukuta."

Filister akatoka na ungo mkononi.

Aluoch hakupiga nduru. Alikaa pale pale kizingitini, sukari kifuani.

"Mama Adhis," akasema polepole, "wewe si umekufa?"

"Nani amesema?"

"Ukuta wa Gatina. Picha yako iko hapo, ile ya harusi ya Adhis, na kofia ya zambarau. Wameandika kwa kumbukumbu."

"Nimekufa lini?"

"Hawajaweka tarehe."

"Na nilikuwa naugua nini?"

Aluoch akanigeuzia macho. "Hiyo muulize mfiwa."

Nilikuwa nimenyoa shavu moja. Nikaendelea kunyoa lile lile.

Mke wangu akikasirika kidogo, hupiga kelele. Akikasirika sana, huwa na adabu kama karani wa benki. Aliweka ungo chini taratibu, akampangusa Aluoch vumbi begani.

"Sukari iache tu, Aluoch. Huenda tukaihitaji."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na rinda la kanisa na pochi.

"Baba Adhis," akasema, "maliza shavu la pili. Tunaenda matanga yangu."

Alipanda boda yake, mimi yangu. Hakutaka tubebwe pamoja. Gatina nilimkuta tayari amesimama mbele ya lile bango la ukutani, amevaa miwani, anasoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Umeniwekea miaka sabini na mmoja," akasema.

"Ni ya kukadiria."

"Mimi nina sitini na mitatu, Nicanor."

"Nilitaka ionekane umeishi."

Akavua miwani. "Huko juu mimi ni Jentrix, mdogo wake marehemu. Ukifungua mdomo kunisahihisha, nitafufuka mbele ya watu."

Tukapanda ngazi.

Pweza wa Shivachi ndiye wa kwanza kukupokea, mkubwa kama meza ya maharusi. Macho yake ni vioo viwili vya pikipiki, ukimtazama unajiona umekuwa mdogo. Kuna wa nywele za kusuka aliyetundikwa dirishani. Kuna runinga inayoonyesha mikono minane ikifua shuka moja, na shuka haitakati. Wangu yuko kando ya mlango. Wageni walikuwa wamemtundikia miavuli miwili na helmeti.

Filister alimchunguza. "Huyu ni wako?"

"Ndiyo."

"Anasaidia," akasema, akatundika sweta lake.

Wamucii alikuja mbio kutoka ndani, shavu moja limefura kidogo. Nikamwambia huyu ni shemeji, ametoka nyumbani. Akamkumbatia.

"Pole sana, mum. Wah, na vile mnafanana na marehemu."

"Watu husema hivyo."

"Mlikuwa mmeshikana sana?"

"Sana. Tulilala kitanda kimoja." Filister akaketi kwenye kiti alichopewa. "Kuzikwa sikuwahi. Hebu niambie, binti, dada yangu alikufaje?"

"Mzee hakukuambia?"

"Mzee akianza, hulia."

Wamucii akanitazama kwa huruma, nami nikatazama chini.

"Alikuwa anafuma huo mkono wa nane," akasema. "Akafika mshono wa mwisho, akamwambia mzee, 'Nicanor, baba, huu nimalizie.' Akalala. Hakuamka."

"Alisema 'baba'?"

"Ndivyo mzee alisema."

"Ajabu. Dada yangu hakuwahi kumwita huyu mtu baba, hata akitaka kupelekwa hospitali."

Wamucii akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Akamwonyesha kadi aliyoiandika mwenyewe ukutani. Ilisema pweza jike hulinda mayai yake miezi mingi bila kula kitu, na yakishaanguliwa anakufa.

"Huyo hakuwa na jirani," Filister akasema. "Mtu angemletea uji."

Mpaka hapo nilifikiri nitaokoka. Filister alikuwa anafanya mzaha, na mke akifanya mzaha bado kuna mlango. Nilikuwa hata nimeanza kupanga jinsi nitakavyoisimulia hadithi hii kwa Shivachi.

Kisha akasimama, akamwendea pweza wake.

Alikuwa amening'inizwa katikati ya chumba, chini ya dirisha la paa. Filister hakuuliza kama inaruhusiwa. Alishika mkono wa kwanza, wa manjano, akautelezesha kwenye kiganja hadi ncha. Akaushika wa pili. Akaushika wa tatu.

Kwetu, mama hahesabu watoto wake kwa mdomo. Ukimuuliza ana wangapi, atakwambia wapo. Nimeishi na Filister miaka arobaini na mmoja, na nambari hiyo sijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Lakini pale, nikimwona akipita kutoka mkono hadi mkono, midomo imefungwa, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amehesabu. Alihesabu kwa uzi.

Manjano ni Adhis, mtoto wetu wa kwanza, aliyependa alizeti. Mikono mitano ilikuwa imepambwa ncha kwa kishada kidogo, ya hao watano tunaojua waliko. Miwili ilifungwa kwa fundo jeupe. Hao ni wale wawili tuliowazika Ugenya kabla hawajajua kutembea.

Na wa nane.

Ndugu msomaji, nimewahi kukuambia mengi ambayo hukupaswa kuyaamini. Hili liamini. Nilipomtoa yule pweza chini ya kitanda, mkono wa nane ulikuwa wazi. Uzi unaning'inia, kitanzi cha mwisho kimeshikwa na pini. Mimi nikaona kazi haijaisha. Nikatoa pini, nikakata uzi kwa wembe, nikaufunga. Na kwa kuwa nilitaka ufanane na ile miwili, nilitafuta uzi mweupe.

Wamucii, kwa wema tu, akasema, "Huo ndio mzee alifunga mwenyewe, na nyeupe. Alisema ni heshima ya mwisho."

Mkono wa Filister ukasimama hewani.

"Nicanor," akasema. Si Baba Adhis. "Uliufunga?"

"Nilidhani bado—"

"Na nyeupe?"

"Nilitaka zifanane."

Hakunipigia kelele. Alisema neno moja tu, kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini. Ni jina la nyumbani la Marvin, ambalo nyumba yetu haijalitamka miaka sita. Kisha akashika kifua cha rinda lake kama mtu anayetafuta kifungo kilichokatika.

Niliwahi kuungua kwa pasi ya mvuke, kiganja kizima. Afadhali ile.

"Ngoja kwanza," Wamucii akasema. Alikuwa ameinama. "Hiyo fundo haipo."

Kweli haikuwepo. Mkono wa nane ulikuwa umefunguliwa, na ulikuwa mrefu kuliko nilivyouacha. Ulikuwa umeongezwa kama upana wa kiganja, kwa uzi wa kijani uliochakaa, uzi uliowahi kuwa nguo. Na mwisho wake kitanzi kimoja, wazi.

Filister akavaa miwani. Akaugeuza ule mkono huku na huku, akaupeleka kwenye mwanga.

"Hii si kazi yangu," akasema. "Mishono imelala kushoto."

Mimi hiyo mishono naijua. Tulikuwa na kitambaa cha namna hiyo juu ya redio. Nilikitoa mimi wageni walipokuja.

"Nani ameshika hiki kitu?" Filister akauliza.

"Kugusa hairuhusiwi, mum. Lakini Jumanne sikuwa hapa, nilienda kung'oa jino. Shivachi ndiye alikaa mlango. Jioni akaniambia kuna jamaa alikaa hapo chini ya pweza kama masaa mawili. Jamaa wa sweta ya kijani. Ati akafumua mkono wa sweta yake mwenyewe, pole pole, akaanza kufuma. Mimi nikajua Shivachi amelewa."

"Alifuma na nini?"

"Na hiyo sindano ya marehemu." Akaonyesha kimeza kidogo ukutani, ambapo sindano ya kroshia ya Filister ilikuwa juu ya kitambaa cheusi. Nilikuwa nimeitoa kwenye kikapu chake. "Hiyo ya dada yako. Ya..."

Akatazama mikono ya Filister, vile ilivyoushika uzi bila kuufikiria. Akatazama mlango, kule bango lilikokuwa. Akanitazama mimi.

"Wewe si Jentrix," akasema.

"Hapana, mama. Mimi ndiye maiti. Endelea."

Wamucii akaketi sakafuni, mahali pale pale alipoketi siku ya kwanza.

"Shivachi alisema jamaa alilia," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Hakulia na kelele. Alikuwa anafuma tu na machozi yanadondoka kwa uzi. Akasema yeye ni mtoto wa huyo mama. Akauliza amezikwa wapi."

"Na Shivachi?"

"Akamwambia."

"Akamwambia wapi?"

"Mimi mzee aliniambia ni Likoni. Lakini Shivachi alitaja kwingine, nikashangaa kidogo, lakini nilikuwa na jino, sikushika. Pole. Pole sana."

"Aliacha nambari ya simu?"

"Hakuacha. Alisema anaenda kumuona mamake, na akishamuona, Nairobi hana tena mtu wa kumrudisha."

Mamake. Mimi sikuulizwa. Baba, aliye hai, aliye kwenye bango kama mfiwa, hakuulizwa alipo. Nililisikia hilo, nikalimeza, maana siku hiyo haikuwa yangu.

Wamucii akapiga simu ya Shivachi. Akaiweka kwa sauti ya juu ili sote tusikie. Yule mwanamke wa kwenye mashine akatuambia mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Mwanamke akarudia, kwa heshima ile ile.

"Ameenda kwao Vihiga jana," Wamucii akasema. "Akifika huko huzima simu, anasema ni likizo. Atarudi Jumanne."

"Jumanne kijana atakuwa ameshamaliza kunitafuta," Filister akasema.

Alichomoa pini kwenye upindo wa rinda lake, akaipitisha kwenye kile kitanzi cha kijani, akaifunga. Akakiangalia kama kimeshika. Kisha akachukua sindano yake kwenye kimeza, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu.

Hapo ndipo aliponigeukia.

"Shivachi ulimwambia umenizika wapi?"

Nikatafuta. Shivachi ana duka dogo la kuchomelea, na hukaa kwenye ndoo akikusikiliza, kinyago cha kuchomelea kimepandishwa kichwani. Siku ya kwanza nilimwambia ni mlimani Homa Bay, mahali unapoona ziwa. Alipenda hiyo. Siku ya pili nilisahau nikasema kisiwani Mfangano, nikaongeza mashua na upepo, akalia. Siku ya tatu nilikuwa baharia tena, nikasema Lamu.

Hadithi zote tatu aliziamini. Sikuwahi kujiuliza alibaki na ipi.

"Mara ya kwanza," nikaanza, "nilimwambia..."

"Mara ya kwanza?"

Wamucii akafunika uso.

"Makaburi mangapi, Nicanor?"

"Matatu."

"Kwa Shivachi peke yake?"

"Kwa Shivachi peke yake."

Nje kwenye barabara ya Gatina mtu alikuwa anauza ndizi kwa kipaza sauti, bei yake na utamu wake, mara kumi, mara ishirini. Filister alimsikiliza mpaka akapita. Akatoa sweta lake kwenye yule pweza wangu wa mipira, akalivaa, akafunga vifungo vyote kuanzia chini.

"Mimi ni mmoja," akasema. "Siwezi kumngoja kwa makaburi matatu. Wewe ndiwe ulinizika. Fikiria vizuri, usinidanganye hata neno, uniambie Shivachi alilipenda lipi, niende nikakae hapo kabla kijana hajafika."